Safu ya Kahawia

Mkasi ulikuwa wa kukatia kucha, mdogo na butu, na uliitafuna ile plastiki badala ya kuikata. Wakili aliubana kwa vidole vyote vitano, ncha ya ulimi imemtoka pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika, akaupitisha polepole kati ya safu mbili za vidonge zilizobaki katika pakiti yake: juu saba vyeupe, chini saba vya kahawia. Mwanga wa asubuhi uliingia dirishani ukaipiga karatasi ya kung'aa iliyoshikilia vidonge, ikarusha vimulimuli ukutani. Ilipokatika, aliichukua safu ya chini, akaiweka kiganjani mwa mwenzake, akamfumba vidole yeye mwenyewe, kimoja baada ya kingine.

"Nimekupa vya nguvu," alisema. "Vyeupe nabaki navyo mimi."

Mwenzake alifumbua kiganja akavitazama. Alikuwa mtu wa kutaka kujua kiti kimeungwaje kabla hajakikalia. Akauliza vina nguvu gani, na nani kasema.

"Wewe umewahi kuvinywa?"

"Sijawahi."

"Basi nyamaza nikwambie mimi niliyevinywa. Vile vyeupe unakunywa wiki tatu, mwili wala haushtuki. Ukigusa tu hivi vya kahawia, siku ya pili au ya tatu, damu hiyo hapo. Kidonge kinachoshusha damu, bibi wewe, ndicho kitashindwa kuzuia mimba? Vidonge saba, siku saba, na mgeni wako anakaa siku saba. Unataka nini tena, muhuri wa mahakama?"

Wakacheka wote wawili. Kisha mwenzake akafungua daftari lake la mazoezi, akapiga mistari saba kwa rula, na mbele ya mstari wa kwanza akaandika: saa mbili na dakika tano asubuhi. Kidonge kikaenda na maji ya bomba.

Wakili hakuwa wakili bado. Alikuwa mwaka wa tatu wa sheria, na jina hilo alilipata bwenini tangu mwaka wa kwanza, siku alipobishana na msimamizi juu ya pasi ya umeme mpaka msimamizi akaondoka akiwa amesahau alichokuja kukamata. Mwenzake alikuwa Injinia, naye vilevile hajawa, mmoja wa wasichana wanne katika darasa la vijana sabini waliosomea ujenzi wa barabara na madaraja. Walipangiwa chumba kimoja bila kujuana, wakakaa miaka mitatu kwa kupenda. Mmoja alisema kwa ajili ya wawili, mwingine akapima kwa ajili ya wawili, na meza ya kusomea ilikuwa moja.

Korido nzima ilimtegemea Wakili kwa jambo lile ambalo wasichana hawakutaka kulitaja kwa sauti. Kliniki ya chuo ilitoa vidonge bure, ila ilivitoa kwa namna yake. Nje ya dirisha la uzazi wa mpango palikuwa na benchi moja la kijani, na mbele ya benchi ilipita njia ya kwenda bwaloni. Aliyekaa pale alikuwa amejiandika kifuani alichofuata. Muuguzi wa dirishani, mama mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, alikuwa akiuliza jina, mwaka, na "mara ya mwisho lini?" huku wavulana wakipita na sahani zao. Kwa hiyo wasichana walijiwekea zamu. Kila muhula mmoja wao alijitoa mhanga, akakaa kwenye benchi, akachukua pakiti tatu za miezi mitatu, akarudi kuwagawia waliozihitaji. Karatasi ya maelezo waliitupa katika pipa la kwanza waliloliona, maana vidonge unaweza kuvificha ndani ya soksi, lakini karatasi pana yenye mchoro wa kizazi ni ushahidi.

Zamu ile ilikuwa ya Wakili muhula wa nne mfululizo. Yeye hakuona haya. Alikaa pale amekunja nne, gazeti mkononi, na mvulana aliyethubutu kumtupia jicho aliulizwa kama ana shida ya kusaidiwa. Kutokana na ushujaa huo wasichana walimdhania na ujuzi. Walimjia na maswali, naye hakuwahi kumrudisha mtu mikono mitupu. Neno "sijui" lilimkaba kooni kama mwiba wa samaki. Akikosa jibu alilitengeneza, kwa vipande vya aliyoyasikia na aliyoyaona mwilini mwake, na alivyolipanga likawa linapendeza.

Injinia alikuwa hajawahi kuhitaji kitu pale. Mchumba wake alikuwa mchimba visima, mtu wa kuzunguka na mtambo wake mkubwa sehemu zenye ukame, na kwa mwaka alionekana mara tatu. Wazee wa pande zote mbili walikwisha kuonana. Kilichosubiriwa ni yeye kumaliza masomo. Safari zilizopita walikaa kama kaka na dada. Safari hii alipotuma ujumbe kwamba anafika kesho kutwa, Injinia alishika mlango wa kabati, akamwambia Wakili bila kumtazama kwamba pengine safari hii hawatakaa hivyo. Kliniki ilikuwa imefungwa wiki ile kwa kuhesabu dawa. Pakiti za zamu zilikwisha kugawiwa. Wakili alibaki na yake tu, safu mbili, na katika safu hizo mbili alimpa rafiki yake ile aliyoiamini zaidi.

Wiki saba baadaye Injinia alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kipimo cha mkojo kimelala juu ya kitabu cha mekanika ya udongo. Mistari miwili. Alipima tena kwa kingine, na cha tatu akamwomba Wakili akisome yeye, kana kwamba macho ya sheria yangeona tofauti.

Hakulia. Alimpigia simu mchumba wake mchana uleule, akaenda kuongea naye nyuma ya bweni penye kamba za nguo, na Wakili akamwona kupitia dirishani, amesimama katikati ya mashuka ya watu, ameinamisha kichwa, anasikiliza kuliko anavyosema. Aliporudi alieleza kwa ufupi. Mchumba wake aliuliza swali moja: si uliniambia umejikinga? Akajibu ndiyo. Akaulizwa wiki nzima? Akajibu wiki nzima. Basi yule bwana akasema yeye alikuwapo wiki ile tu, na wiki ile ilikuwa na kinga, kwa hiyo mtoto huyo ni wa wiki nyingine. Alisema bila kufoka. Angekuja Jumamosi na dada yake mkubwa, waongee uso kwa uso, halafu kila mtu ajue njia yake.

"Anajua hesabu," Injinia alisema. "Hata mimi ningehesabu hivyo."

Kuanzia siku ile akaanza kujichunguza. Alilifungua daftari lake, akaisoma mistari saba pamoja na saa zake, akatafuta ufa. Siku ya nne tumbo lilimsokota. Huenda kidonge kilitoka kabla hakijafanya kazi. Siku ya sita alichelewa dakika ishirini kwa sababu ya maabara ya zege. Usiku wa mwisho, je, walikuwa wamevuka siku ya saba? Wa chumba cha jirani walimnong'oneza njia za mkato. Aliwatazama tu mpaka wakaondoka wenyewe. Hakuwa akitafuta pa kutokea. Alitaka kujua daraja limeangukia wapi, na kila alipopima alijikuta yeye ndiye nguzo mbovu. Wakili alimtuliza kwamba hakuna dawa isiyoshindwa, kwamba mia wakinywa mmoja hupatwa. Alilisema kwa ufasaha wake wote, naye mwenyewe aliliamini.

Alhamisi mchana mtafiti alibisha hodi. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, mwenye miwani na begi la turubai, anazunguka mabweni na karatasi za maswali juu ya kile wanachokijua wasichana wa chuo kuhusu kujikinga na mimba, na kile wanachokitumia. Alieleza kuwa majina hayaandikwi. Injinia alikuwa darasani. Wakili alimvutia kiti, akajiweka kitandani kwa raha zote. Kuulizwa kulikuwa starehe yake.

Akajibu kama anayepiga mpira ukutani. Njia ngapi unazifahamu? Akazitaja nane. Ulizisikia wapi? Umewahi kutumia ipi? Nani huamua? Mtafiti alitia alama, akafunua, akatia alama. Lilipofika swali la kumi na tisa akalisoma kwa sauti ileile ya kuchoka: katika pakiti ya vidonge ishirini na vinane, vile saba vya rangi tofauti vina kazi gani?

Hata machaguo hakuyasubiri. "Ndivyo vyenye nguvu," alisema. "Vinafungia dozi."

Kalamu ikasita. Haikusita sana, kiasi cha mtu kumeza mate, halafu ikatia alama. Lakini Wakili alikuwa amefundishwa miaka mitatu kutazama nyuso za mashahidi, na kusita kule kukamwingia.

"Nimekosea?"

Mtafiti akasema haruhusiwi kusahihisha wakati wa mahojiano, wamalize kwanza. Wakamaliza. Maswali kumi na moja yaliyobaki Wakili aliyajibu kwa neno mojamoja. Karatasi ilipoingia begini akauliza tena, safari hii amesimama.

"Vile ni madini ya chuma," mtafiti alisema. "Vya kuongeza damu tu. Vimewekwa ili usipoteze mazoea ya kunywa kila siku. Havizuii chochote."

"Na damu inayokuja?"

"Inakuja kwa sababu umeacha vile vyeupe." Akavaa begi lake, kisha, pengine kwa kuona uso wa mwenyeji wake, akaongeza kwa upole: "Usijisikie vibaya, dada. Korido hii pekee wamenijibu kama wewe wasichana tisa."

Tisa. Wakili alifunga mlango akabaki amekishika kitasa. Hakuhitaji kuuliza hao tisa walilipata wapi jibu lile. Alilisikia jibu lenyewe likitembea koridoni kwa sauti yake, chumba kwa chumba, limechana nywele vizuri.

Yaliyofuata hayakumletea sifa, na hadithi hii haitayafunika. Jambo la kwanza alilolifanya ni kujitetea. Alijitetea kwa ustadi ambao hajawahi kumtetea nao mtu: hakumlazimisha yeyote, mwenzake ni mtu mzima na ana macho ya kusoma, alitoa kwa moyo safi, akajinyima kile alichokidhani bora, na tena, nani shahidi? Pakiti ilikwisha kutupwa. Kati ya watu wote duniani, ni yeye peke yake aliyejua kwamba kile kilichokatwa na mkasi asubuhi ile kilikuwa bure. Akinyamaza, hakuna mahakama itakayomfikia.

Kesi ilikuwa nzuri. Shida ilikuwa chumba, vitanda viwili na meza moja. Injinia alirudi jioni na vumbi la saruji kwenye viatu, akaketi, akafungua daftari.

"Nafikiri ni ile siku ya nne," alisema. "Nilitapika, sivyo? Wewe hukumbuki kama nilitapika?"

Hakuwa ametapika. Wakili alikumbuka vizuri. Alifungua kinywa, na ndani yake akakuta maneno yote isipokuwa yale aliyoyataka. "Pumzika," alisema. "Utaumwa kichwa."

Ijumaa akatoka mapema, akaenda kliniki, akapita benchi na kumwomba muuguzi karatasi ya maelezo peke yake, bila vidonge. Muuguzi akamwuliza kwa sauti ile ile ya mto ya nini basi. Akasema ya kusoma. Aliisoma amesimama kando ya lile pipa, herufi ndogo kama mayai ya sisimizi, mpaka mwisho. Mambo yote yalikuwamo. Yalikuwamo mihula yote minne.

Jumamosi wageni walikuja baada ya chakula cha mchana, wakakaa bwaloni, kwenye meza ya mwisho, huku wahudumu wakifuta nyingine na kugeuza viti. Mchimba visima alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye mafuta ya mitambo yaliyokataa kutoka kwenye kucha. Dada yake alikuwa mama wa makamo, mfupi, mkoba mapajani, amekuja kusikiliza. Injinia alimwomba Wakili akae karibu naye. "Ukae tu," alimwambia. "Usiseme kitu." Alikuwa amevaa shati jeupe, kama anayekwenda kwenye usaili.

Hakukuwa na matusi. Pengine yangelikuwapo ingelikuwa nafuu. Mchumba wake alieleza kwamba hakuja kumvunjia mtu heshima, kwamba kule kazini siku tatu hakula, kwamba alitaka asikie kwa masikio yake.

"Mimi nachimba visima," alisema. "Nikishuka futi mia tatu nikakuta mchanga mkavu, siwaambii watu maji yamejificha. Nawaambia hayapo, nahamisha mtambo. Uliniambia umejikinga. Ulijikinga au hukujikinga?"

Injinia akatoa daftari. Akalifungua penye ile mistari saba, akaligeuza, akalisogeza mbele yake. Yule bwana akausoma mstari wa kwanza mpaka wa saba, kidole kikifuata saa na dakika, kikiacha alama nyeusi hafifu. Akarudia.

"Kwa hiyo ulikunywa vyote."

"Vyote."

"Hukuruka."

"Sikuruka."

"Basi," alisema, akalifunga daftari taratibu akamrudishia. Na Wakili akaona jambo ambalo Injinia bado hakuliona: ushahidi aliouleta kujisafisha ndio uliomtia hatiani.

Akasimama. Hakuna aliyemwomba asimame. Akasema ana jambo, akalisema lote, pakiti, mkasi, safu mbili, rangi, alichodhani na alichokuja kuambiwa. Alilisema kwa mpangilio, kwanza, pili, tatu, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kusema, na alipofika katikati aliisikia sauti yake ikipanda ngazi zile zile ilizozoea kupanda kwenye mashindano ya midahalo, ikituamia mahali pa kutuama, ikiinuka mahali pa kuinuka. Alitamani kuivua kama nguo. Haikuvulika. Akatoa karatasi ya maelezo, akaikunjua mezani, akaonyesha kwa kidole.

Mchimba visima hakuitazama karatasi. Alimtazama yeye, na usoni kwake kulikuwa na kitu kinachofanana na huruma.

"Shemeji," alisema, "mwaka jana, meza ile pale, ulinithibitishia kwamba mimi ni mwizi wa maji ya watu wa bondeni. Nusu saa nzima. Nilicheka mpaka machozi, na nusura nikubali. Wewe una kipaji. Kazi yako ni kutetea, na huyu ni rafiki yako. Ningekuwa na kesi ningekuchukua wewe."

"Siyo utetezi. Ni kweli."

"Ndivyo mnavyosema."

Dada yake alikuwa ameivuta karatasi kwake. Alisogeza uso, akaangalia mchoro wa pakiti, safu ya mwisho. "Vya kahawia," alisema kwa sauti ya chini, kama anayejisemea. "Mimi nilipewa vya namna hii wakati wa mimba yangu ya mwisho. Vya damu." Akainua macho kumtazama mdogo wake. Lakini mdogo wake alikwisha kusimama, amegeuza bega, na yule mama, aliyekuja kusikiliza, akakunja karatasi akairudisha mahali pake. Alipopita nyuma ya Injinia alimgusa begani kwa ncha za vidole. Wakatoka. Mhudumu akauliza kama wamemaliza na meza ile.

Injinia alikuwa hajageuka. Aliangalia mbele, pale palipokuwa na watu.

"Umejua lini?"

"Alhamisi."

"Leo Jumamosi."

"Nilitaka kukwambia. Jana nilitaka."

"Asubuhi ile ulisema unajua."

"Nilidhani."

"Hukusema unadhani." Aliliweka daftari ndani ya begi, akafunga zipu mpaka mwisho. "Siku zote hizi nimejitafuta mimi. Nimejitafuta mpaka kwenye dakika. Na wewe umekaa kitanda cha pili unaniambia nipumzike." Sauti yake haikupanda. "Ukaja kuniambia mimi mbele yao, kama mtu wa mwisho kujua."

Wakili akaiokota karatasi ya maelezo mezani.

Wiki nne wakaishi chumba kimoja kama abiria wa meli moja wasiojuana. Maneno yalikuwa ya lazima tu: ufunguo uko dirishani, maji yamekatika, umeitwa ofisini. Mchimba visima alipopigiwa, simu yake iliita bila kupokelewa, kisha ikaacha kuita. Wakili alimwandikia barua kwa mkono, ukurasa mmoja, akiondoa kila sentensi iliyopendeza mpaka zikabaki zile mbovu. Akaweka tarehe, akatia sahihi, akaituma kambini kwake. Jibu halikuja. Aliwafuata wale wasichana wa korido mlango kwa mlango, akawaeleza alilokosea, na wengine wakamshukuru, na mmoja akaufunga mlango kabla hajamaliza. Tangu hapo aliyemjia na swali alichukuliwa mpaka dirishani, mchana kweupe, wakakaa wote wawili. Hayo yote Injinia aliyaona na hakuyasemea neno. Tumbo lilikuwa bado siri ya mashati mapana. Mwezi uliofuata alitakiwa kwenda miezi miwili kwenye ujenzi wa daraja kwa mafunzo, na alikuwa amekata shauri kwamba atakwenda, atavaa kofia yake ngumu, atasimama juani na wenzake mpaka wamfukuze. Nyumbani alikuwa hajawaambia.

Jumatatu moja, akifunga kamba za viatu, alisema kwamba anakwenda zahanati ya mjini kuandikisha kadi. Akafunga cha pili. "Ukitaka, twende."

Zahanati ilikuwa na chumba kimoja cha wajawazito, chenye pazia badala ya mlango na mzani uliokwaruzwa. Muuguzi wa hapo alikuwa mzee, miwani imening'inia kwa uzi shingoni, mkono mzito wa kuandika. Aliuliza umri, kazi, mimba ya ngapi, siku ya mwisho ya damu. Injinia alijibu bila kusita. Wakili aliketi kwenye stuli karibu na pazia, mikono mapajani.

"Ulikuwa unatumia njia yoyote ya kuzuia?"

"Vidonge."

"Ulikuwa unasahausahau?"

"Sikusahau hata siku moja."

Muuguzi alitikisa kichwa kidogo, kwa namna ya mtu aliyelisikia hilo mara nyingi, akainamia karatasi. Wakili akainuka nusu.

"Samahani, mama. Naomba uandike kwamba alielekezwa vibaya. Aliyemwelekeza ni mimi."

Muuguzi alipandisha miwani, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kisha akageuza kadi ili waione. Safu ya jibu ilikuwa na upana wa kidole.

"Binti yangu," alisema, "hapa panaingia neno moja."

Akaandika neno lake. Kutoka alipokaa, Wakili hakuliona ni lipi, na Injinia, aliyeliona, hakulisema. Likafuata jina la baba wa mtoto. Injinia akalitaja jina la mchimba visima, lote, majina yake matatu, akasubiri muuguzi amalize la kwanza ndipo akampa la pili, na la tatu akamtajia herufi kwa herufi ili lisikosewe.

"Na mtu wa kupigiwa likitokea jambo? Huyo huyo baba?"

"Hapana."

"Mama yako?"

Nje ya pazia mtoto mchanga alilia, akanyamazishwa. Kalamu ya muuguzi ilikuwa imeinuliwa juu ya karatasi, na mkono mzito ule haukuonyesha haraka. Wakili aliyakazia macho matofali ya sakafuni. Aliyahesabu mpaka ukutani, akarudi.

Injinia akaanza kutaja namba. Alizitaja mojamoja, kwa sauti kavu, kama mtu anayesoma vipimo kwa mwenzake aliye mbali, na ilimchukua Wakili namba nne kutambua kwamba ni za simu yake.

"Ni nani kwako?" muuguzi aliuliza.

Injinia alikuwa akitazama dirisha. Pale alipokaa palikuwa pembamba, naye alikuwa amejikunja upande mmoja, begi la shule limekumbatiwa juu ya tumbo.

"Andika namba tu," alisema. Kisha, muuguzi alipokuwa bado anangoja: "Tunakaa chumba kimoja."